GOTI NALO LIFANYE KAZI
Mawazo ya kapita wa wanafunzi juu ya fimbo za goti katika atelye ya kushona



Katika namba hii hatutasema juu ya mupira wala juu ya chakula ya internati, sababu mambo hayo yamesemwa sana, na wengine wataendelea kuyasema. Tunataka kusema juu ya kitu kidogo: chuma moja yenye kupindwa, iko na kibao kidogo kwenye ncha yake. Inafungwa chini ya meza ya mashini ya kushona, upande wa kuume, karibu na goti la mwenye kushona. Kwa Kifaransa inaitwa genouillère. Sisi katika atelye tunasema jenuyeri, ao fimbo ya goti.

Atelye yetu iko na mashini kumi na ine. Kumi ni zile nyeusi za kukanyaga kwa miguu, na hizo hazina fimbo ya goti tangu zilipofika. Ine ni za motere na meza pana, na hizo zilikuja na fimbo zao. Lakini tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, fimbo zote ine zimefunguliwa na kufungiwa ndani ya kabati. Mashini ziko, meza ziko, tundu za kufungia ziko, fimbo hakuna. Sisi wa mwaka wa mwisho hatuoni kama hilo ni jambo dogo. Tunaomba fimbo zirudi pahali pao, na tunaomba wanafunzi wafundishwe kuzitumia. Tutaeleza sababu zetu moja moja, kusudi mutu asiseme kwamba wafinalisti wanapenda tu kusumbua wakubwa.

FIMBO YA GOTI INAFANYA NINI

Wale wa seksio ingine wasiojua kushona wavumilie kidogo, tutawaeleza.

Mashini ya kushona iko na kiguu chenye kukanyaga kitambaa kusudi kisiruke pamoja na sindano. Wafundi wanakiita piedibishi. Chini ya kiguu kuna meno yenye kusukuma kitambaa kwenda nyuma. Kiguu kikiwa chini, kitambaa kimeshikwa na meno yanakisukuma. Kiguu kikiwa juu, kitambaa ni huru: unaweza kukiingiza, kukitoa, ao kukigeuza. Basi kila mara unapoanza mushono, kila mara unapoumaliza, na kila mara unapofika kwenye kona, sherti kiguu kinyanyuke.

Kwa desturi kiguu kinanyanyuliwa kwa mukono. Kuna kishikio kidogo nyuma ya sindano. Unaachilia kitambaa kwa mukono moja, unapeleka mukono nyuma, unanyanyua, unarudisha mukono, unatengeneza tena kitambaa ambacho kimekwisha kuteleza, kisha unapeleka mukono tena nyuma na kushusha. Mushonaji mwenye kuzoea anafanya yote bila kufikiri, lakini anayafanya.

Fimbo ya goti inafanya kazi ileile bila mukono. Unasukuma goti la kuume kwa upande, siyo kwenda juu. Fimbo inazungusha chuma ya chini ya meza, chuma ile inasukuma chuma ingine ndogo yenye kupanda ndani ya mashini, na kiguu kinanyanyuka. Ukirudisha goti, kiguu kinashuka. Mikono yote miwili inabaki juu ya kitambaa. Hakuna umeme ndani ya jambo hilo. Ni chuma kusukuma chuma, kwa hiyo hata umeme ukikatika, fimbo inanyanyua kiguu sawasawa.

Tena inanyanyua juu kuliko mukono. Kwa mfano, kuna mashini moja ya Wajapani yenye kujulikana sana katika viwanda, Juki DDL-8700. Kishikio cha mukono kinanyanyua kiguu chake milimetre 5,5, lakini goti linakinyanyua mupaka milimetre 13. Mutu mwenye kushona begi, ao mukaba wa patalo ya jinzi pahali tabaka ine ao tano zinapokutana, anaelewa mara moja faida ya milimetre hizo. Kitambaa kinene kinaingia bila kusukumwa kwa nguvu.

Tuonye hapa juu ya jambo moja lenye kuchanganya watu. Kuna mashini za zamani za nyumbani, sawa vile Singer 99 ya umeme, zenye kuwa na fimbo ya goti pia, lakini ile fimbo kazi yake ni kuendesha motere. Ukiisukuma, mashini inaanza kushona. Kumbe mutu mwenye kuzoea moja akikalia ingine bila kuuliza, anaweza kujichoma sindano kwenye kidole. Kwa hiyo, mbele ya kusukuma fimbo yoyote kwenye mashini usiyoijua, uliza kwanza, ao izungushe kwa mukono na uangalie ni nini inayotembea.

TUHESABU SHIMIZI MOJA

Wengine wanasema: "Kunyanyua kiguu ni kitu gani? Ni sekunde moja tu." Sawa. Tuhesabu pamoja.

Tuchukue shimizi nyeupe ya inifomu, ile tunayovaa wote, yenye mikono mirefu, na mufuko moja wenye ncha chini. Koli iko na ncha mbili. Tunazishona ndani, kisha tunageuza na kupitisha mushono wa juu: kona 4. Mufuko wenye ncha uko na kona 3 chini. Mikono iko na vifungo viwili vya mwisho, kila kimoja kona 2, na vilevile vinashonwa ndani kisha juu: kona 8. Jumla ni 15. Mara kumi na tano sherti usimamishe mashini, sindano ibaki ndani ya kitambaa, unyanyue kiguu, ugeuze kitambaa, ushushe kiguu. Na hapo hatujahesabu mwanzo na mwisho wa kila mushono, wala mabega, wala mbavu, wala pindo.

Sasa fundi apokee kazi ya shimizi 40 za darasa moja. Kona peke yake ni mara 600. Mara mia sita mukono unaachilia kitambaa na kwenda nyuma ya sindano. Mara mia sita kitambaa kinapata nafasi ya kuteleza. Koli ambayo ncha yake moja ni ndefu kuliko ingine, mara nyingi inaharibika pale pale kwenye kona, wakati mukono wenye kushika uliondoka. Mwalimu anaandika kwa wino mwekundu "kona mbaya", na mwanafunzi anafungua nyuzi usiku wote.

Kwa hiyo hatusemi juu ya sekunde. Tunasema juu ya kushika. Goti linafanya kazi kusudi mikono isiachilie.

KAZI IMEKUWA IKISHUKA TOKA MUKONO KWENDA MUGUU

Kuna watu wenye kusema kwamba fimbo ya goti ni uvivu wa siku hizi, na kwamba wazee walishona muzuri bila hiyo. Tuwajibu kwa habari ya mashini yenyewe.

Mufaransa Barthélemy Thimonnier alipata hati ya mashini yake ya kushona katika mwaka 1830. Huko Paris mashini zake zilishona nguo za waaskari, na mafundi wa kushona kwa mukono walizivamia na kuzivunja, sababu waliogopa kukosa kazi. Katika mwaka 1846 Elias Howe wa Marekani alipata hati kwa mashini yake. Ile ilizungushwa kwa mukono, basi mukono moja ulikuwa umefungwa na gurudumu saa zote. Katika mwaka 1851 Isaac Singer alipata hati yake. Mashini yake ilikuwa na kiguu chenye kukanyaga kitambaa juu ya meza, na kuzungusha gurudumu kukakuja kuwa kazi ya miguu.

Angalieni basi njia hiyo. Kwanza mukono ulifanya yote. Kisha muguu ulichukua kazi ya gurudumu, na mukono ukapata nafasi. Leo hakuna mutu katika atelye yetu mwenye kusema kwamba kukanyaga pedali ni uvivu. Fimbo ya goti inaendelea tu njia ileile: goti linachukua kazi ya kishikio, na mukono unapata nafasi tena. Kama tunakubali muguu, juu ya nini tunakataa goti?

MANENO YA WENYE KUKATAA

Tumesikiliza wale wasiokubaliana nasi, na tunataka kujibu kwa heshima.

Neno la kwanza ni heshima ya wasichana. Wamoja wanasema musichana haifai kusukuma goti upande, kwamba atafungua miguu. Tunajibu hivi. Goti linatembea upana wa vidole vichache tu, chini ya meza, na jipo ya inifomu yetu inapita magoti. Kwenye mashini za kukanyaga wasichana wanatembeza miguu yote miwili tangu asubuhi mupaka saa sita, na hakuna mutu aliyelalamika. Tena katika seksio yetu kuna vijana wanaume pia, na kwao hakuna anayeuliza neno la magoti. Lakini kama wazazi wengine hawana amani, dawa ni rahisi: tufunge kitambaa mbele ya kila meza, toka juu mupaka chini. Sisi wenyewe tutakishona. Kitambaa cha metre moja na nusu kinaweza kuondoa ubishi ambao umefunga fimbo ndani ya kabati mwaka muzima.

Neno la pili ni hili: "Kwa nyumbani hakuna mashini za namna hii. Mutoto atarudi muji kwao, atakuta mashini nyeusi ya kukanyaga, atafanya nini?" Neno hilo lina uzito, hatulidharau. Wengi wetu kwetu iko mashini nyeusi, na wengine hawana hata hiyo. Lakini mutu mwenye kujua namna mbili hapotezi kitu. Fimbo ikifungwa, kishikio cha mukono kinabaki pale pale nyuma ya sindano. Na tusisahau upande wa pili. Mukubwa wetu moja wa promosheni iliyopita alienda kuomba kazi katika atelye ya mujini. Walimuweka mbele ya mashini yenye motere na fimbo ya goti, wakamupa mifuko ashone. Diplome yake ilikuwa muzuri. Lakini goti lake halikujua kitu, mikono yake ilikuwa inatafuta kishikio nyuma, na wenye kufanya kazi pembeni yake walikuwa wamekwisha kumaliza. Walimwambia aanze na pasi kwanza. Alikaa kwenye pasi miezi mitatu, na malipo ya pasi siyo malipo ya mashini. Wazazi wanalipa minervali kusudi mutoto atoke fundi. Je, fundi wa nusu?

Neno la tatu: "Haraka haraka haina baraka." Ni kweli. Mashini ya motere inaweza kukimbia sana. Ile Juki tuliyoitaja inafika mupaka mishono 5.500 kwa dakika moja. Lakini haraka hiyo inatoka kwenye motere, haitoki kwenye goti. Goti linatumika wakati mashini imesimama. Mutu mwenye kuogopa haraka azuie pedali, asifunge fimbo.

Neno la ine, na hili ndilo lilileta uamuzi wa kabati: wadogo wa mwaka wa kwanza waligonga fimbo kwa magoti wakati wa kuingia na kutoka, wakazipinda, na fimbo moja ilianguka na kupoteza vida yake. Hii ni kweli, na fimbo moja mupaka leo imepinda kidogo. Lakini kitu kikiharibika juu ya kukosa mafundisho, dawa ni mafundisho. Makasi pia yanaanguka kila juma, na hatujafungia makasi. Wandugu wetu wa seksio ya Mekanike wanajua kunyoosha chuma na kukata vida. Tumewauliza, wamesema hiyo ni kazi ya nusu siku. Kidole moja hakivunji chawa: seksio moja ikisaidia ingine, kazi inatembea.

SIYO WOTE WENYE GOTI MOJA

Hapa tunataka kusema neno ambalo wengine katika mukutano wetu walilisahau. Kuna wanafunzi wenye ulemavu wa muguu. Polio imegusa watoto wengi katika inchi yetu, na katika atelye ya kushona mara nyingi ndimo wanamotumwa, sababu watu wanafikiri kushona ni kazi ya kukaa tu. Mwanafunzi ambaye muguu wake wa kuume hauna nguvu hawezi kusukuma fimbo, na hatutaki siku moja mutu amukatie pointi juu ya hiyo. Kwa yeye kishikio cha mukono kibaki, na kipimo kiwe kazi iliyo juu ya meza, kona iwe sawa, mushono uwe sawa. Lakini vilevile kuna mutu mwenye mukono moja tu wenye nguvu, na kwa yeye fimbo ya goti ni mukono wa pili kabisa. Ukifungia fimbo ndani ya kabati, umemufungia huyu nje ya kazi.

Kwa hiyo hatuombi sheria ya kulazimisha kila mutu. Tunaomba chombo kiwepo, na kila mutu afundishwe kwa kipimo cha mwili wake.

NAMNA YA KUFUNDISHA

Haitoshi kusema "rudisheni". Sherti tuseme namna gani. Haya ndiyo tuliyoyajifunza mwaka uliopita, wakati fimbo zilikuwa bado kwenye mashini.

Kukaa. Usikae katikati ya meza. Kaa mbele ya sindano, pua ielekee sindano. Ukikaa mbali kuume ao kushoto, fimbo itakuwa mbali ao itakuchoma kwenye mufupa.

Kufunga fimbo. Weka muguu kwenye pedali kama mutu mwenye kushona, kisha legeza vida na uvute kibao mupaka kiwe karibu kugusa upande wa goti. Karibu kugusa, siyo kugusa. Kama sherti unyooshe muguu kuitafuta, iko mbali. Kama goti limeegemea kibao saa zote, iko karibu sana, na hapo hatari inaingia bila kujua: kiguu kinanyanyuka kidogo wakati wa kushona, meno hayashiki kitambaa, mishono inakuwa mifupi na mirefu. Mutu analaumu mashini, kumbe ni goti lake. Wanafunzi siyo wa urefu moja, basi mwenye kukaa mupya afunge fimbo upya. Ni kazi ya dakika moja.

Utaratibu wa kona. Tuliufanya kuwa wimbo mudogo wa maneno ine: muguu, sindano, goti, mikono. Kwanza muguu usimame kwenye pedali. Pili sindano iwe ndani ya kitambaa. Kama iko juu, zungusha volani kwa mukono mupaka ishuke. Tatu goti lisukume. Ine mikono igeuze kitambaa. Kisha goti lirudi polepole, kiguu kikanyage kabisa, ndipo muguu uanze tena. Mutu akigeuza kitambaa wakati sindano iko nje, kona inakuwa na pengo. Akisukuma goti wakati muguu unakanyaga bado, kitambaa kinakimbia.

Uzi. Kiguu kikinyanyuka, vile visahani vyenye kukaza uzi wa juu vinafunguka kusudi uzi utoke kwa urahisi. Ndiyo maana ukianza kushona mbele goti halijarudi muzuri, uzi wa juu hauna mukazo, na chini ya kitambaa unakuta kiota cha ndege. Wengi wakiona kiota hicho wanaanza kufungua kaneti na kugeuza vida vya mukazo, na wanaharibu mashini iliyokuwa muzima. Angalia goti kwanza.

Zoezi la mwanzo. Lisifanywe juu ya kitambaa, sababu kitambaa ni bei. Lifanywe juu ya karatasi ya kayé ya zamani. Toa uzi wote, weka sindano iliyozeeka kwa sababu karatasi inamaliza makali ya sindano, chora mraba, kisha nyota, kisha koli, na fuata mistari. Tundu za sindano zitasema ukweli: mutu ataona mwenyewe pahali goti lilichelewa. Kwenye mashini za motere, siku ya kwanza motere isiwashwe hata kidogo. Mwanafunzi azungushe volani kwa mukono na kusukuma goti, mupaka goti na muguu vijue kwamba ni vitu viwili. Sababu mwanzoni goti likienda kuume, ncha ya muguu inakanyaga pedali bila kutaka, na hapo ndipo vidole vinapochomwa.

Mutu asifikiri kwamba mafundisho haya ni ya viwanda tu. Hata Waswisi wenye kutengeneza Bernina, ambazo ni mashini za nyumbani, wanatia fimbo ya goti kwenye nyingi. Na kwenye hizo, goti likisukuma, kiguu kinapanda na meno yanashuka wakati uleule, kitambaa kinakuwa huru kabisa. Basi hicho ni chombo cha mama mwenye kushona nguo za watoto wake vilevile.

MAOMBI YETU

Kwa hayo yote, sisi kapita pamoja na wafinalisti wa seksio ya Kukata na Kushona tunaweka mbele ya Bwana Prefe na mbele ya Mama mwalimu wa atelye maombi haya:

1. Fimbo ine zitolewe katika kabati na kufungwa kwenye mashini zake mbele ya mwanzo wa trimestre ya pili. Ile iliyopinda inyooshwe na seksio ya Mekanike.

2. Mwaka wa kwanza waendelee kujifunza kwa kishikio cha mukono katika trimestre ya kwanza, kusudi wajue mashini nyeusi za nyumbani. Toka trimestre ya pili waanze zoezi la karatasi.

3. Wafinalisti wapewe saa mbili kila juma kwenye mashini za motere, sababu mutihani wa kazi ya mikono mbele ya juri hauko mbali, na kisha mutihani kuna maisha.

4. Kila mashini iwe na kayé yake. Mwenye kukaa aandike jina, saa, na kama fimbo iko muzima wakati wa kuondoka. Tunaahidi kwamba makapita watasimamia kayé hizo. Fimbo ikipotea, tutajua ilipotelea mikononi mwa nani.

5. Kitambaa kifungwe mbele ya meza, kwa amani ya wazazi.

6. Mwanafunzi mwenye ulemavu achague kati ya goti na mukono, na asipunguziwe pointi.

Hakuna ombi hata moja hapo lenye kutaka faranga nyingi. Vida moja, kayé ine, vipande vya kitambaa. Vingine viko tayari, vimelala ndani ya kabati.

Na kwa ninyi wandugu wadogo wa mwaka wa kwanza na wa pili, tunawaambia neno moja. Ombi hili halitatusaidia sisi sana. Mwezi wa saba tutakuwa tumekwisha kutoka, na wengine wetu watakuwa chini ya varanda fulani kwenye soko la Kadutu ao la Butembo, na mashini ya kukopa. Ni ninyi mutakaobaki na mashini hizi. Fimbo zikirudi, musizigonge tena kwa kukimbilia mulango wakati kengele inalia. Ingia kwa upande wa kushoto wa kiti, toka kwa upande wa kushoto. Chombo kikiharibika mara ya pili, hakuna kapita atakayekuwa na kinywa cha kukiombea.

Kwa wazazi tunasema: mutakapokuja siku ya matokeo, ingieni katika atelye, muangalie watoto wenu namna wanavyoshona. Ulizeni kuona koli ya shimizi, mupime ncha zake mbili. Hizo ncha zitawaambia kama minervali yenu imefanya kazi.

Tunangoja jibu la wakubwa wetu kwa heshima. Kama jibu ni hapana, tunaomba tuelezwe sababu, nasi tutaiandika katika namba ijayo bila kuipunguza wala kuiongeza.

Kapita wa wanafunzi,
mwaka wa mwisho, seksio ya Kukata na Kushona